Mwalimu mzoefu naye aandae somo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi walimu hulijadili kwa manung'uniko zaidi kuliko kwa hoja, nalo ni maandalio ya masomo. Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, na katika kila chumba cha walimu nilichowahi kukaa nimeisikia kauli ileile: kwamba andalio la somo ni la mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, na kwamba mwalimu aliyekwisha kulimudu somo lake hahitaji zaidi ya chaki na kitabu. Kauli hiyo niliiamini, na kwa muda mrefu niliifuata.

Kilichonibadilisha ni kipindi kimoja cha kulinganisha desimali. Niliingia darasani bila kuandika chochote, kwani mada yenyewe niliiona nyepesi. Nilieleza kidogo, nikaandika ubaoni 0.3 na 0.45, nikauliza ipi kubwa. Darasa zima likaitikia kwamba ni 0.45. Nikaandika 0.2 na 0.76, wakapatia tena. Nikawapa zoezi kutoka kitabuni, nikatoka nikiwa nimeridhika. Jioni, niliposahihisha madaftari, nilikuta wengi wao wameandika kwamba 0.32 ni kubwa kuliko 0.7. Kumbe walikuwa wakisoma "nukta thelathini na mbili" na "nukta saba", na kwa kuwa thelathini na mbili inazidi saba, kwao hesabu ilikuwa imekwisha. Hawakuwa wameelewa kwamba tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni sehemu za kumi, na kwamba sehemu saba za kumi haziwezi kupitwa na sehemu tatu za kumi na vijisehemu viwili vya mia.

Ukiitazama mifano yangu miwili utaona ilivyonidanganya. Katika yote miwili, namba yenye tarakimu nyingi ndiyo iliyokuwa kubwa kweli, kwa hiyo mwanafunzi mwenye dhana potofu alipata jibu sahihi kwa njia mbovu, nami nikampigia makofi. Laiti usiku uliotangulia ningekaa dakika kumi nikajiuliza mwanafunzi atakosea wapi, swali langu la kwanza lingekuwa 0.7 na 0.32, na kosa lingejitokeza nikiwa bado na muda wa kutosha wa kulishughulikia. Desimali nilizijua vizuri sana. Nilichokosa ni kufikiri mapema juu ya namba zipi niziandike ubaoni, na kazi hiyo haifanyiki ukiwa umesimama mbele ya darasa huku wanafunzi wanakutazama.

Mwalimu wa darasa la chini anayefundisha kutoa kwa kukopa hukutana na shida hiyohiyo. Akibuni mfano papo hapo huenda akaandika 48 kutoa 23, ambao hauhitaji kukopa hata kidogo; akishtuka, hufuta na kuandika 400 kutoa 167, ambao unadai kuvuka sifuri mbili mfululizo, na hapo hata yeye huanza kujikanganya. Aliyeandaa huanza na 52 kutoa 27, tena akijua kwamba wapo watakaopata 35 kwa sababu wamezoea kutoa namba ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Wanaofundisha lugha, sayansi au historia wanayo yao ya namna hii, nami nawaachia wayaeleze.

Maswali ya mdomo nayo yanahitaji maandalizi. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe, na kwamba walipoongeza muda huo hadi sekunde tatu au zaidi, wanafunzi walitoa majibu marefu zaidi na wengi zaidi walijitokeza kujibu. Kwa maoni yangu, haraka hiyo mara nyingi hutokana na woga wa kimya: mwalimu asiyejua swali linalofuata hukijaza kimya hicho kwa maneno, ilhali mwenye swali lake mkononi anaweza kutulia.

Najua nitajibiwa kwamba mzigo wa vipindi ni mkubwa na kwamba fomu za maandalio zina vipengele lukuki visivyosomwa na mtu. Hoja hiyo naikubali kabisa. Mahali pengi andalio limegeuka karatasi ya kupigwa mhuri. La mwaka jana hunakiliwa, tarehe ikabadilishwa, mkuu wa shule akatia saini bila kufungua ukurasa wa pili. Ugonjwa huu una umri mrefu. Huko Ujerumani, katika karne ya 19, mawazo ya mwanafalsafa Johann Friedrich Herbart juu ya kujenga maarifa mapya juu ya yale ambayo mwanafunzi anayo tayari yaligeuzwa na wafuasi wake kuwa hatua tano, ambazo kila somo lilipaswa kuzipitia, liwe linazihitaji au halizihitaji. Fomu ikameza fikra.

Kwa hiyo ninachowaomba wakuu wa shule na wakaguzi ni kupunguza vipengele na kuongeza mazungumzo. Japani walimu wana desturi ya kukaa pamoja kuandaa somo moja kwa kina. Mmoja wao hulifundisha, wenzake huketi darasani kuwatazama wanafunzi, kisha wote hurudi kulijadili. Hata tukifanya hivyo mara moja tu kwa muhula, tutajifunza mengi kuliko kwa saini hamsini.

Kwangu mimi andalio ni upande mmoja wa ukurasa wa daftari. Juu huandika sentensi moja ya kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya kipindi kikiisha. Chini yake maswali matatu na majibu yasiyo sahihi ninayoyatarajia. Kisha kile nitakachokiacha iwapo muda utanibana. Pembeni huacha nafasi tupu ya kujaza baada ya somo. Kwenye ukurasa wa desimali, katika nafasi hiyo, pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Wasome tarakimu mojamoja. Anza na 0.7 na 0.32."

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Hisabati