Ukija Gede, kimbia na maji mafu: barua kwa mtoto wa mjomba

Mtoto wa mjomba,

Salamu kutoka Gede, huku pwani ya Kenya. Nyumbani hawajambo, goti la mama limepoa, na ule mkorosho wa uani uliouacha kimo cha mtu sasa unagusa paa.

Niliona ulichoandika kwenye kikundi cha ukoo: unakuja Desemba mwezi mzima, Januari una mbio za kilomita 21 huko Maskati, na wasiwasi wako ni kwamba mazoezi yatalala kwa sababu "kwetu hakuna pa kukimbilia, ni barabara kuu na vumbi." Watoto wakacheka, wengine wakakuunga mkono. Mimi sikujibu siku ile. Nimekimbia huku miaka sita, na jibu langu halienei kwenye simu. Naliandika hapa mbele ya watu kwa sababu si wewe peke yako. Kila Desemba ndugu wanateremka kutoka Nairobi na Ghuba na viatu vipya vya mbio, na Januari viatu vinarudi vipya vilevile.

Kwa barabara kuu hatugombani. Ile ya Mombasa–Malindi usiikimbie hata alfajiri, na hasa alfajiri: mabasi ya usiku yanafukuzia muda, na ukingo wa lami umemegeka. Ivuke tu, basi. Ya kwenda Watamu kupitia Timboni ni nzuri mpaka saa moja asubuhi. Baada ya hapo tuktuk na bodaboda wanaitaka yote, na watoto wa shule watakuandama wakiita "Ciao! Ciao!" maana kwa akili yao mtu anayekimbia na hafukuzwi na kitu lazima ni mtalii Mtaliano. Mimi niliyezaliwa nyuma ya duka lile la mafuta ya taa nimechoka kujieleza. Siku hizi naitikia tu.

Pwani ndiyo kiwanja chako, ila ina mwenyewe, naye ni maji. Huko kwako Mutrah, Maskati, unakimbia kando ya bahari juu ya saruji. Ijae, ipwe, haikuhusu. Hapa saa ya mkononi iweke mfukoni, uulize leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Babu alikuwa akijua bila kutazama juu.

Kwenye bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji hupwa mbali hata wanawake wanaotafuta pweza hufika miambani kwa miguu. Ukisikia hivyo utadhani ndizo siku za mkimbiaji. Sizo. Huku kwetu maji ya bamvua hufikia mwisho wa kupwa mnamo saa nne asubuhi, jua limeshashika moto. Alfajiri ya siku hiyo bahari bado iko juu, na kipande cha ufuo ulichoachiwa ni mchanga mwororo unaomeza mguu mpaka kifundoni. Nilihangaika nao miezi kadhaa nikidhani ni mapafu yangu mabovu.

Sasa tazama maji mafu. Bahari haijai sana wala haipwi sana, na wanaotegemea miamba hawazipendi siku hizo. Lakini kupwa kunasogea mbele kila siku, karibu saa nzima, na ukifika mwezi kumi au kumi na moja, na tena ishirini na tano au ishirini na sita, kunaangukia saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Mchanga umekaza, jua ndiyo kwanza linachomoza, na ufuo unaupata mtupu. Mbio zangu ndefu zote naziweka siku hizo, mara mbili kwa mwezi, siku mbili tatu kila mara. Siku nyingine naingia bara. Panga hivyo hivyo. Ile programu ya simu yako inayosema "Jumapili kilomita 18" haijui mwezi.

Nililijua hilo kwa aibu. Ufuo wa Watamu, utakumbuka, si mmoja. Majabali ya matumbawe yameukata: kuna ghuba ya kijiji, kisha ile wageni wanaiita Blue Lagoon, kisha Turtle Bay ndefu inayoteremka mpaka karibu na mlango wa Mida, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Maji yakipwa unayazunguka majabali kwa miguu mikavu. Yakijaa, kila ghuba ni chumba kilichofungwa. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka saa tano asubuhi ya bamvua, nikasahau kwamba maji yanarudi, nikajikuta kati ya majabali mawili. Nikataka kupita uani kwa hoteli moja. Mlinzi akasema njia hiyo ni ya wageni. Nikamwambia shida yangu ndiyo hiyo, mimi si mgeni. Nikasimama maji kiunoni, viatu kichwani, leso imelowa, mpaka akatokea mzee mmoja wa bustani akanifungulia. Habari za nani ana haki ya kupita wapi kwenye ufuo huu tutazizungumza ukifika, tukiwa tumekaa.

Ukipita Turtle Bay uko ndani ya hifadhi ya bahari, iliyowekwa tangu 1968. Kasa hupanda kutaga usiku, kwa hiyo ukitoka mapema mno usije na tochi kali. Wakati wa kusi mwani hujaa ufukweni na kukimbia juu yake ni kama kukimbia juu ya magodoro, lakini wewe unakuja kaskazi, utaukuta ufuo safi na joto la kukutoa roho. Beba maji. Hakuna kibanda kinachofunguliwa kabla ya saa mbili.

Mida ni habari nyingine, na nakuomba usiifanye kiwanja cha mbio za kasi. Ni kilomita za mraba kama 32 za maji, mchanga na mikoko, zinazojaa na kukauka kupitia mlango mmoja mwembamba. Kimbia kwenye vijia vya Dabaso, juu ya ukingo, palipo na minazi na mashamba ya mahindi. Matopeni usitie mguu. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, unachomoza mizizi juu kama misumari iliyopigwa kinyumenyume, na mkoko wenyewe unashuka na magongo yake mpaka hujui shina ni lipi. Wazee wanautenganisha mlilana na muia na mkandaa kwa kutupa jicho. Mimi bado nakosea, na sioni haya kuuliza.

Pale kwenye ukingo ndipo ninapovunja mwendo kila mara. Kuna ndege mweupe, mgongo una weusi, mdomo mnene mweusi, anakula kaa. Anakaa nasi kuanzia Septemba hadi Aprili hivi, makundi makubwa mchangani. Kisha anaondoka. Unajua anakwenda wapi? Kwenu. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya upande wa Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, anachimba shimo mchangani na kutaga ndani, jambo ambalo ndege wengine wa jamii yake hawalifanyi. Mwaka mzima mnapishana. Wewe ukishuka Desemba utamkuta ameshafika zamani, amenenepa.

Toka hapo, mgongo kwa maji, urudi Gede kwa vijia. Ni kama maili mbili, na ndiyo njia yangu ya siku za kawaida. Tulipokuwa wadogo bibi alitukataza kupita karibu na magofu ya mji wa kale wa Gede jua likizama, na wewe ulikuwa wa kwanza kulia, usikane. Sasa hao wenyewe tuliowaogopa ndio ninaowawaza nikipanda ile njia. Mji ule ulikuwa na ukuta wa nje uliozunguka eka kama 45 na ukuta wa ndani uliofunga nyumba za wakubwa, msikiti mkuu na jumba la mfalme. Bahari haikuwa mlangoni mwao. Kila boriti ya dari ilitoka kwenye mikoko kama hii ninayoipita, ikabebwa. Ndiyo maana vyumba vyao vyote ni vyembamba: boriti ndiyo iliyokata upana. Ukisimama ndani ya nyumba moja ukanyoosha mikono, unaujua urefu wa mti uliokatwa karne sita zilizopita.

Ndani ya magofu usikimbie. Hakuna aliyeniambia kuna sheria. Ni mimi nakukataza. Fanya mbio zako nje, kwenye vijia vinavyozunguka msitu wake, kisha urudi saa za kazi, ukate tiketi, utembee. Kuna kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na mtu anaweza kulipita kwa sekunde tatu akitazama saa yake. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na nyumba nyingi zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: ya mkasi, ya taa ya chuma, ya bakuli la kauri. Mwaka 2024 UNESCO ikauweka mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kima wa pale hawajaarifiwa, bado wanapora ndizi.

Nenda hadi kwenye kisima kilicho kando ya msikiti mkuu. Kilichimbwa, kisha kikaongezwa kina, na baadhi ya wataalamu wanasema maji yalishuka chini, na hiyo ikawa moja ya sababu mji kuhamwa mnamo karne ya 17. Wengine wanataja mashambulizi ya Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, na ya Waoromo. Labda yote yalikuja pamoja. Mimi nikiwa nimetoka jasho, chupa imeisha, nikichungulia mle shimoni, huwa sibishani na wale wa maji.

Msitu wa Arabuko-Sokoke unaupenda kwa picha, najua. Una tembo na nyati, kwa hiyo uingie na mwongozaji, kwa miguu. Ukibahatika utamwona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, kalio lake la rangi ya dhahabu, akikatiza njia. Huyo hata ukifika Januari ukiwa na umbo la dhahabu mwenyewe humpati.

Leta viatu vilivyozeeka, chumvi itavila. Leta na halua, ile ya zafarani, si ile ya mwaka juzi. Alfajiri ya mwezi kumi nitakuwa pale njia panda ya magofu saa kumi na moja na nusu. Nitakusubiri dakika tano, maji hayatasubiri hata hizo.

Dada yako wa Gede