Kabla ya kuandika "mwanga wa ajabu", ulizeni saa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la kahawa hapa Moshi. Anga likiwa safi, vijana wa mtaani huniletea simu zao: "Babu, hiki nini?" Safari hii ni ule msururu wa taa uliopita kimya, zimefuatana kama mabehewa. Kulipokucha redio moja ilishatangaza kiama, na gazeti lako nalo likaandika "mwanga wa ajabu" bila kutaja hata saa.

Zile ni setilaiti za intaneti za Starlink, za kampuni ya SpaceX ya Marekani. Hurushwa kwa mafungu. La Mei 2019 lilikuwa na setilaiti 60. Siku za mwanzo huwa bado ziko chini na zimekaribiana. Baadaye hupanda hadi kilomita 550 hivi, zikatawanyika na kufifia.

Nasisitiza saa kwa sababu setilaiti haina taa, inang'aa kwa jua tu. Huku kwetu jua likishazama, kule juu bado linaipiga, ndiyo maana tunaziona saa moja, saa mbili usiku, au alfajiri. Kituo cha kimataifa cha anga za juu nacho ni vivyo hivyo: kiko kilomita 400 hivi juu, kinang'aa kuliko nyota, hakipepesi, na dakika chache tu kimekatiza. Pengine kinapotelea katikati ya mbingu, watu wakapiga kelele, kumbe kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Anayedai kauona msururu ule saa sita usiku, mimi humwuliza kwanza alikuwa anatoka wapi.

Halafu upande. Taa kali ya magharibi baada ya swala ya Magharibi, isiyosogea, mara nyingi ni sayari ya Zuhura. Upande wa uwanja wa ndege wa KIA, taa iliyosimama ni ndege inayokujia usawa wako. Vuta subira itageuka, uone nyekundu ya bawa la kushoto au kijani ya kulia. Na zile punje za mwanga zinazopanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, usiku wa manane ni tochi za kichwani za wageni na waongozaji wao, wametoka kambi ya Barafu wanakitafuta kilele. Huwaka na kufifia kwa sababu mtu anageuza shingo. Oktoba 2020 mlima huo huo uliwaka mwekundu. Ule ulikuwa moto wa kweli, na hofu ilikuwa halali.

Kuna jingine la kuogopa. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, kipande cha roketi, iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, hapo Kenya. Mabaki ya namna hiyo yakirudi huwaka polepole huku yakimeguka, na unaweza kumwita mwenzako atoke ndani naye akayakuta. Kimondo hakikusubiri. Chuma kikianguka shambani kwako usikishike. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na polisi.

Kwa hiyo, Mhariri, mtu akileta habari mwulizeni saa, upande, ilichukua muda gani, ilipepesa au haikupepesa. Na picha zilizopigwa kupitia kioo cha daladala mzirudishe kwa mwenyewe. Nyingi nilizoonyeshwa ni taa ya humo humo ndani.

Mlinzi wa usiku,
Pasua, Moshi