Shoga, baba haigizi

Shoga angu mambo, za Tabora? Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Nimesikiliza voisi yako mara tatu, nimeamua nikuandikie maana tukipigiana simu utalia na mimi nitalia.

Hili la kaka zako kusema baba anaigiza kutetemeka mkono ili atumiwe hela, kisa eti akishika kikombe mkono unatulia, limeniuma sana. Jana nikitoka zamu nikapitia Ujiji nikamkuta barazani, mkono wa kulia umelala pajani unacheza wenyewe, kidole gumba na cha shahada kama vinaviringisha katonge kadogo. Akanyoosha kuchukua chai ukatulia, amekishikilia kidogo ukaanza tena. Sasa hicho wanachokiita maigizo ndo alama yenyewe shoga! Mtetemeko wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kuwa mzito, unapenda mkono uliopumzika, ukianza kuutumia unapungua. Upo mwingine wa kinyume, mtu akikaa ametulia, akinyanyua kijiko ndo mchuzi unamwagika, huo ni ugonjwa tofauti.

Nikajitetemesha mimi makusudi. Dakika mbili tu bega linauma, kasi inapanda inashuka, halafu nikagonga meza taratibu na mkono wa kushoto, we, wa kulia ukahamia kwenye mdundo ule ule, nikiulazimisha ubaki na kasi yake unakwama kabisa. Baba naye nikamwambia gonga goti hivi na kushoto. Akagonga, wa kulia ukaendelea na mwendo wake kama hausikii. Nikamwomba ahesabu kutoka 100 akitoa saba saba, 93, 86, 79, hapo ndo ukazidi, wakati anayeigiza akili ikienda kwenye hesabu mkono anausahau. Nilimrekodi pia nikaangalia video polepole, kama mara 5 kwa sekunde, na Parkinson mara nyingi ni 4 mpaka 6.

Ila usije ukawapa kaka zako fimbo ya kumpigia mtu mwingine. Wapo ambao mkono unafuata mdundo hivyo hivyo na hawadanganyi, ni wagonjwa kweli, ubongo wenyewe ndo unatuma vibaya na hawajitakii.

Kingine, daftari lake la madeni ya dagaa toka enzi za Kibirizi, fungua kurasa za zamani halafu za mwaka huu, mwandiko umekuwa mdogo mdogo kama sisimizi. Na akitembea mkono ule haubembei. Nani anaigiza mpaka daftarini, tena usiku peke yake?

Mimi ni nesi tu, sio daktari, kwa hiyo nataka aonwe hospitali ya Maweni na ikibidi wampe rufaa. Dawa za kusaidia ile dopamini, kemikali ya kuendesha mwendo wa mwili inayopungua kwenye ubongo, zipo, haziponyi lakini mkono unalegea, mwili unakuwa mwepesi.

Wageni wakija anauficha mkono chini ya kanzu. Mpigie leo, usimuulize habari za mkono, muulize tu amekula nini. Ukipata tiketi ya treni niambie, nitakuja kukupokea stesheni twende naye wote.