Dada, wasifu wako umeiruka siku moja

Dada yangu,

Nimekuita dada tangu tulipokuwa tukifanya kazi chumba kimoja, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, na kwa kuwa siku hizi hujibu ujumbe wangu, nakuandikia mbele za watu. Nimeusoma wasifu wako mpya wa kocha wa uongozi na mshauri wa ukuzaji vipaji. Nimeusoma mara tatu, na kila mara nimefurahi kabla ya kuumia.

Nimefurahi kwa sababu hukuongeza chumvi. Cheti cha PCC (Professional Certified Coach) cha International Coaching Federation, shirikisho la kimataifa la makocha, hakipatikani kwa ulimi mtamu: kinadai saa 125 za mafunzo na saa 500 za kuketi na wateja, nami nilikuona ukiziandika moja moja katika lile daftari lenye jalada lililochanika. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mkufunzi hutoa anachokijua na mshauri hupendekeza la kufanya, ila kocha huuliza kisha akanyamaza, mpaka mtu alisikie jibu lake mwenyewe. Ulinikataza kuridhika na fomu za washiriki waliosifu semina, ukanionyesha ngazi 4 za kupima mafunzo za mtaalamu Donald Kirkpatrick, ambazo ya kwanza tu ndiyo inayohusu kuridhika, ilhali zinazofuata zinauliza mtu amejifunza nini, amebadili nini kazini, na taasisi imevuna nini. Hayo ndiyo yanayonipa riziki hadi leo.

Lakini umeandika pia kwamba unatunza siri za wateja. Dada, sentensi hiyo imenishinda kuivuka.

Unakijua kikao ninachokisema. Mkurugenzi alikuuliza kama yule msimamizi yuko tayari kupandishwa cheo, nawe ukafungua daftari lilelile, ukasoma aliyokuambia faraghani: kwamba halali usiku, kwamba anaiogopa timu yake. Mwenyewe alikuwa ameketi mkabala nami. Kalamu yake ilisimama katikati ya neno, kisha akaanza kuifunika na kuifunua, taratibu, hadi kikao kilipokwisha. Cheo hakukipata.

Najua mwajiri ndiye aliyekuwa akilipa. Ndiyo maana makubaliano ya pande tatu, kocha, mteja na mwajiri, huandikwa kabla ya mazungumzo ya kwanza: mwajiri aelezwe malengo na hatua zilizofikiwa kama ilivyokubaliwa, na yaliyosemwa chumbani yabaki kuwa ya mteja. Maneno hayo ulinifundisha wewe.

Utaniuliza mbona nilinyamaza. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu, mgeni kazini, na neno lako kwangu lilikuwa sheria. Hata hivyo uliyoyasoma sikuyaandika katika kumbukumbu za kikao; ndilo pekee nililoliweza, na naamini nilifanya sawa. Nilikufuata hadi kwenye ngazi, ukaniambia kwamba nikikomaa nitaelewa. Nimekomaa, dada. Nami nimewahi kubanwa na mkurugenzi vivyo hivyo, nikakataa, mkataba ukanipotea. Sisemi hivyo ili nijikweze, bali kwa sababu nilikataa kwa maneno yaleyale uliyonifundisha.

Vyeti na miaka yako ni haki yako. Sentensi ile moja tu nakuomba uiondoe hadi utakapozungumza na yule msimamizi. Namba yake ni ileile. Tuliongea wiki iliyopita, akaniuliza hali yako.