Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Paa Kwanza, Seva Baadaye

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nimeulizwa swali moja kila nilipopita, msibani, sokoni, hata kwenye kivuko cha Msangamkuu: "Mwenyekiti, seva ziko wapi?" Seva ni kompyuta za kuhifadhia kumbukumbu, nazo ndizo tunazokusudia kuziweka kwenye kituo chetu cha data. Hatujanunua hata moja. Kamati yenu ilikataa kununua, na mimi ndiye niliyeshikilia hivyo mpaka mwisho. Mna haki ya kujua sababu.

Jengo tulilopangishwa hapa Mtwara kwa ajili ya kituo hicho ni kiwanda cha zamani cha korosho, kimojawapo cha vile vilivyojengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kwa fedha za mkopo, vikafungwa mashine za Italia na Japani, kisha vingi vikasimama. Zege lake ni imara. Sakafu iliyobeba mitambo ya kukaangia korosho haitalemewa na makabati ya seva. Kule Chicago, kiwanda cha uchapaji cha R.R. Donnelley, kilichoanza kujengwa 1912, leo ni kituo kikubwa cha data, na sakafu zilizowekwa kwa uzito wa mitambo ya kuchapa zilisaidia sana. Kubomoa na kumwaga zege jipya kungekuwa hasara maradufu, kwani uzalishaji wa saruji pekee hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Siku ya kwanza ya ukaguzi tulimwomba bibi mmoja aliyewahi kubangua korosho humo atutembeze. Alitangulia na fimbo yake, akasimama katikati ya ukumbi, akagonga sakafu. "Wajukuu zangu, hapa msikanyage. Hapa ndipo palipokuwa na mafuta." Tulipofagia vumbi tukaona utando mweusi unaonata kama lami: mafuta ya maganda ya korosho, yaliyokaa miaka yote hiyo. Akatuonyesha viganja vyake, vina mabaka ya zamani. Mafuta hayo huunguza ngozi, na yanashika moto. Hakuna mchoro wa jengo uliotuambia jambo hilo, alituambia yeye. Kamati imempa shukrani, na ninaomba mkutano huu umpe pia.

Juu ya vichwa vyetu kuna tatizo kubwa zaidi. Sehemu ya paa ni asbesto, nayo haivunjwi kwa nyundo: inaloweshwa, inashushwa nzima, inafungwa kwenye plastiki na kupelekwa panaporuhusiwa. Sehemu iliyobaki ni bati lililochoka. Saa nane mchana tulipandisha kipimajoto kwa kamba mpaka chini ya kenchi, kikasoma nyuzi 46. Usawa wa kifua kilisoma 34. Nani kati yetu angefunga seva humo, halafu alipe bili?

Kipimo cha matumizi ya umeme ya vituo vya data ni rahisi. Chukua umeme wote ulioingia kwenye jengo, ugawe kwa umeme uliofika kwenye kompyuta zenyewe. Ukipata 2, kwa kila uniti inayofanya kazi, nyingine imekwenda kwenye viyoyozi, feni na hasara nyingine. Wastani wa dunia ni kati ya 1.5 na 1.6. Google husema vituo vyake viko karibu na 1.1.

Baadhi yenu mmenitajia kituo cha Google cha Hamina, Finland, kilichokuwa kiwanda cha karatasi na sasa kinapoozwa kwa maji ya bahari yanayopita kwenye handaki la kiwanda kilekile. Ni kazi nzuri mno, lakini bahari yao ni baridi na yetu ni vuguvugu. Kupooza kwa maji yanayogeuka mvuke nako hakufai pwani, hewa yetu tayari imejaa unyevu. Na tukifungua madirisha, upepo wa bahari utaingia na chumvi, na chumvi hula shaba.

Kwa hiyo mpango wetu ni kujenga chumba kidogo kilichozibwa katikati ya ukumbi, jengo la zamani liwe mwavuli wake. Paa jipya litakuwa na nafasi ya hewa chini yake na sola juu. Ndani, hewa baridi itaingia mbele ya makabati na ya moto itatoka nyuma, zisikutane. Wahandisi wa ASHRAE, chama cha wataalamu wa viyoyozi cha Marekani, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Sisi tutalenga 26. Najua wapo waliozoea chumba cha seva kinachotetemesha meno. Ubaridi huo ni fedha inayotupwa.

Wazo la kukaushia korosho kwa joto la seva nililipenda sana, ila kiini kabla ya kumenywa huhitaji nyuzi 70 hivi, na seva hazifiki huko. Tumeliacha.

Kuhusu haja ya kituo, nadhani Mei 2024 ilitosha. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom, zinazopita chini ya bahari, zilikatika kusini mwetu, na mtandao nchini ukazorota. Kumbukumbu za wakulima na stakabadhi za ghalani zikikaa hapa, ng'ambo pakikatika bado zitafunguka.

Hesabu mtasomewa na mhazini. Niseme tu kwamba muuzaji mmoja alituletea betri zilizotumika akiziita mpya. Fundi wetu aligundua kabla hatujamaliza kulipa. Malipo ya awali tunayafuatilia, na tangu hapo hakuna kifaa kinachopokelewa bila kupimwa.

Ninaloomba mlipigie kura ni fedha zote za mwaka ujao ziende kwenye paa na sakafu, kazi imalizike kabla ya mvua za Desemba. Anayetaka kuliona jengo kabla ya kupiga kura, funguo ziko kwa katibu. Avae viatu vya kufunika mguu, na pale katikati pametiwa chokaa, apite pembeni.

Mwenyekiti