Andikeni na saa aliyopigwa risasi

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni nesi, nimefanya kazi upande wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, miaka mingi na sasa niko Mbale, na nawaandikia juu ya hizi habari za watu kupigwa risasi kwenye wizi wa ng'ombe ambazo hazikosi kwenye gazeti lenu. Mnatuambia ng'ombe wangapi wamechukuliwa, jeshi limewafuata mpaka wapi, nani ameshikwa, alafu mwisho kabisa mnaweka "majeruhi alifia njiani", imeisha hiyo. Alipigwa saa ngapi? Hakuna anayeuliza, si mwandishi si polisi, hata sisi wenyewe karatasi za rufaa zinakuja zimeandikwa jina, kijiji, jeraha la risasi mguu wa kushoto, na saa hakuna.

Na hiyo saa ndo inaamua dawa. Mwaka 2010 ulitoka utafiti mkubwa unaitwa CRASH-2, wagonjwa zaidi ya 20,000, hospitali 274 kwenye nchi 40, watu waliokuwa wanavuja damu kwa ajali, kisu, risasi, wakajaribu dawa ya asidi ya traneksamiki, traneksa kwa kifupi. Si dawa mpya, iligunduliwa Japani miaka ya 1960 na mama mmoja daktari Utako Okamoto pamoja na mumewe, yeye akili yake ilikuwa kwa akina mama wanaovuja damu wakijifungua. Kazi ya dawa hii ni kwamba damu ikishaganda kwenye jeraha, lile donge haliyeyuki haraka. Kwenye utafiti huo waliopewa walikufa wachache kuliko ambao hawakupewa, na mwaka 2011 WHO ikaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa majeruhi. Lakini walipoangalia masaa tangu mtu aumie wakakuta kitu ambacho kila nesi inafaa akijue kwa kichwa: ukimpa ndani ya saa moja vifo vya kuvuja damu vinapungua karibu theluthi, mpaka saa tatu bado inasaidia, ikipita saa tatu vifo vya kuvuja damu vinaongezeka. Yaani dawa ile ile. Sasa wewe umeletewa mtu, hujui amepigwa lini, utafanya nini?

Kuna kijana aliletwa kwetu alfajiri moja kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na kaka yake, paja limefungwa shuka na shuka lenyewe limelowa mpaka linadondosha. Nauliza saa ngapi, kaka anasema usiku. Usiku wa saa ngapi? Usiku tu, ng'ombe walikuwa wamelala. Ampuli ya traneksa ninayo mkononi. Mwenzangu akapata wazo, akamwambia toa simu tuone ulimpigia bodaboda saa ngapi, na ile simu alisema alipiga hapo hapo ndugu yake alipoanguka. Ikaonyesha saa kumi na dakika kumi. Ukutani kwetu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Basi tukampa gramu moja polepole kwa dakika kumi, tukamwekea gramu nyingine kwa dripu ya kwenda masaa nane, na alifika kwa daktari wa upasuaji akiwa hai. Tangu siku hiyo naangalia simu kwanza. Na wangefika mapema zaidi, sema kliniki moja waliyopitia iliwaambia walete kwanza karatasi ya polisi.

Hilo shuka nalo niliongelee. Damu inayotoka mkononi au mguuni inazuilika na mtu yeyote, kubonyeza kwa nguvu, na ikikataa ni kufunga mkono au mguu kwa mkanda mpana, si kwenye jeraha lenyewe bali sehemu ya juu yake kuelekea mwilini, na kubana mpaka isimame. Hospitali ya jeshi la Marekani huko Baghdad, daktari John Kragh na wenzake walitoa hesabu mwaka 2009: waliofungwa mkanda kabla damu haijawaishia wakazimia, 90% waliishi. Waliofungwa baada ya hapo, 10%. Na msiniambie ni mambo ya majeshi ya wazungu, hapa Kampala kuna utafiti ulichapishwa mwaka huo huo wa 2009, walifundisha watu 307, polisi, madereva wa taksi na viongozi wa LC, yaani mabaraza ya mitaa, jinsi ya kumsaidia majeruhi kabla hajafika hospitali. Inawezekana kabisa, huko Kotido na Kaabong, wilaya za Karamoja, wafundishwe bodaboda maana ambulensi yetu ni wao.

Kitu kingine watu wetu wanasumbua sana, "mtoeni risasi kwanza". Ndugu zangu, mara nyingi risasi yenyewe si shida, shida ni damu, uchafu na nyama iliyokufa. Ikiwa kwenye kiungo kama goti lazima itoke, kwingine inaweza kukaa na mtu akaishi. Rais James Garfield wa Marekani alipigwa Julai 1881, madaktari wakawa wanaingiza vidole bila kunawa wakiitafuta, akafa Septemba, jeraha limeoza. Pia mkiona daktari amesafisha akaacha jeraha wazi msimlalamikie, la risasi halishonwi siku hiyo, linasubiri siku nne tano hivi.

Uganda si nchi ya kuambiwa haya mambo kama mgeni. Hospitali ya Lacor kule Gulu, daktari Lucille Teasdale alipasua majeruhi wa vita mpaka akapata virusi vya ukimwi humo humo kwenye upasuaji, akafariki 1996. Daktari Olive Kobusingye na wenzake ndo walitutengenezea kipimo cha Kampala cha kujua majeruhi ameumia vibaya kiasi gani, kwa kuangalia umri, presha, kupumua, fahamu na idadi ya majeraha makubwa, kinatumika mpaka nchi za nje. Akili tunazo.

Ninachoomba Wizara ya Afya: traneksa isiishie hospitali kubwa, ishuke mpaka vituo vya ngazi ya tatu vinavyopokea hawa watu usiku, na karatasi ya rufaa iwe na nafasi ya saa ya kuumia. Na polisi watangaze wazi kwa redio, kwa Kikaramojong na Kiswahili, kwamba ile karatasi yao, fomu namba 3, inaweza kujazwa mgonjwa akiwa tayari ametibiwa.