Jumamosi: kikao cha Waldini

Habari za jioni, ndugu zangu wa Cardiff. Jumamosi tukutane saa 8 mchana badala ya saa 10, Roath Park, chini ya ule mnara mweupe wa ziwani. Tutamzungumzia Waldini, mwanamuziki na kiongozi wa bendi, mwana wa mji huu, jina lake halisi Wally Bishop. Bendi yake ilivaa mavazi ya Kijipsi (kama ya Wajipsi, watu wa kuhamahama wa Ulaya), skafu na mikanda ya rangi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilisafiri ng'ambo kuwatumbuiza wanajeshi. Mtu kama huyu hafai kusahaulika!

1. Mchango pauni 3 za chai na maandazi, mwisho Alhamisi.
2. Mwenye santuri au picha za enzi hizo aje nazo.

Tafadhalini, jibuni "nipo" au "sipo" kabla ya kesho usiku. Watoto waje pia.